Kijiti Kirefu cha Blyth

Nani kati yenu ana kalamu? Gawanya 67 kwa 2. Umepata 33 na nusu, sawa. Sasa, kwa kuwa diwani hakatwi vipande, chama kinachotaka kuwa na zaidi ya nusu ya madiwani 67 lazima kipate 34. Ishikeni hiyo 34, wanangu, maana ndiyo hadithi yote ya leo. Watu wazima wenye mvi na suti zao waliitafuta kwa zaidi ya miaka 12 wasiipate, na safari moja waliikosa kwa sababu ya kijiti.

Hadithi hii sikuitunga. Ilitokea Uingereza, kaskazini kabisa, katika eneo linaloitwa Northumberland. Ukipanda treni London kwenda Scotland kwa njia ya mashariki, ukishaupita mji wa Newcastle unaingia Northumberland, na ukitoka humo umeshafika Scotland. Eneo lenyewe ni kubwa, karibu mara mbili ya Zanzibar yote, Unguja na Pemba kwa pamoja. Lakini watu wake ni laki tatu na ushee tu, wachache kuliko wakazi wa Wilaya ya Kinondoni peke yake. Kuna milima, kondoo, ngome za kale, na mabaki ya ukuta wa mawe ambao Warumi waliujenga zama za mtawala wao Hadrian, yapata miaka 1,900 iliyopita. George Stephenson, yule fundi maarufu wa garimoshi, alizaliwa huko mwaka 1781 katika kijiji cha Wylam.

Wapenzi wa mpira msinune, nanyi mna fungu lenu. Kusini mashariki mwa Northumberland kuna mji wa Ashington, na hapo ndipo walipozaliwa ndugu wawili, Jack na Bobby Charlton. Baba yao alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1966 Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia, wote wawili walikuwa uwanjani. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu Ashington itarudi kwenye hadithi kwa jambo lisilohusu mpira hata kidogo.

Pande hizo za kusini mashariki zilikuwa za makaa ya mawe. Wanaume walishuka migodini, na makaa yakasafirishwa kwa meli kupitia bandari ya mji wa Blyth. Kisha migodi ikafungwa mmoja mmoja. Ule wa mwisho, Ellington, ulifungwa mwaka 2005. Miji ya wachimbaji ilizoea kuchagua chama cha Labour, ambacho asili yake ni vyama vya wafanyakazi. Ukienda ndani zaidi, kwenye mashamba na vijiji vya wafugaji, watu wengi hupenda Conservative, chama cha wahafidhina. Katikati yao wapo Liberal Democrats, na wapo pia wagombea binafsi, yaani mtu anayesimama kwa jina lake bila chama chochote. Kenya jambo hilo linaruhusiwa. Tanzania bado sheria inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama, na ubishi juu yake umefika mpaka kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha.

Mpaka mwaka 2009, Northumberland ilikuwa na halmashauri kubwa moja ya eneo zima na chini yake halmashauri ndogo sita za wilaya. Mwaka huo zote zikaunganishwa zikawa moja. Tangu hapo halmashauri hiyo moja ndiyo yenye kushughulikia shule, barabara, maktaba, takataka, matunzo ya wazee wasiojiweza, na vibali vya ujenzi. Madiwani walikuwa 67, wanachaguliwa kila baada ya miaka minne, na wanakutana katika mji mdogo wa Morpeth.

Kuna jambo wengi hata wakubwa hulikosea. Wananchi wa Northumberland hawamchagui kiongozi wa halmashauri moja kwa moja. Wanachagua diwani wa kata yao, basi. Madiwani wakishapatikana, wanaingia ukumbini na wao ndio wanaomchagua kiongozi. Kwa hiyo matokeo ya uchaguzi wa namna hii yana hatua mbili. Kwanza unauliza nani kashinda kata ipi. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, unauliza: wakikaa wote chumba kimoja, nani ana vichwa vingi? Mwenye 34 anachagua kiongozi, anapitisha bajeti, analala usingizi. Mwenye 33 analazimika kumpigia simu mtu.

Mwaka 2008, kwenye uchaguzi wa kwanza wa halmashauri mpya iliyokuwa ikiandaliwa, Liberal Democrats waliongoza kwa viti 26. Conservative walipata 17, Labour 17, na wagombea binafsi 7. Mwaka 2013 upepo ukageuka, Labour wakaongoza kwa viti 32. Mnaona? Walipungukiwa viwili. Wakaongoza halmashauri hivyo hivyo, kwa kusaidiwa.

Sasa tufike mwaka 2017.

Katika miaka ile minne, viongozi wa Labour walikuwa wameamua kuhamisha makao makuu ya halmashauri kutoka Morpeth kwenda Ashington. Sababu waliyoitoa inaeleweka: Ashington ilikuwa imepoteza migodi yake, na ofisi kubwa yenye watumishi wengi ingeleta wateja kwenye maduka na migahawa ya mji. Conservative wakasema huo ni upotevu wa mamilioni ya pauni, na kwamba wao wakishika usukani jengo hilo litasimamishwa. Kazi ilikuwa imeshaanza. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kupiga kura hakuwa anachagua rangi ya bendera tu. Alikuwa anaamua, kwa njia ya kuzunguka, kama mafundi wa Ashington waendelee na jengo au wafungashe virago.

Kura zilipigwa Alhamisi, Mei 4, 2017. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, ili hata anayetoka kazini jioni apate nafasi. Ukiingia unapewa karatasi yenye majina ya wagombea, unakwenda kwenye kibanda kidogo, na humo unaikuta penseli, mara nyingi imefungwa kwa uzi isije ikapotea. Unaweka alama ya X mbele ya jina moja. Unakunja karatasi, unaitumbukiza kwenye sanduku, unakwenda zako.

Kuhesabu ndiko kunakochosha. Masanduku yanamwagwa juu ya meza ndefu, na mawakala wa wagombea wanasimama karibu, macho pima. Kwanza karatasi zinahesabiwa bila kuangalia aliyepigiwa, kuhakikisha idadi iliyomo sandukuni inalingana na iliyotolewa kituoni. Kisha zinatenganishwa kwa jina la mgombea na kufungwa mafungu mafungu. Zinabaki zile za mashaka, na hizo zina meza yake. Mmoja kaweka alama kwa watu wawili. Mwingine kaandika jina lake mwenyewe, na hiyo haifai, kwa sababu kura ni siri. Mwingine hakuweka X bali vema, au kachora uso unaocheka mbele ya jina la mgombea. Hapo sheria ya Uingereza ina huruma: kama nia ya mpiga kura inaonekana wazi, kura inahesabiwa. Msimamizi wa uchaguzi anainyanyua karatasi, mawakala wanaichungulia, wanabishana kidogo kwa adabu, na uamuzi unatolewa. Kwenye uchaguzi wa wabunge, karatasi tano sita za namna hiyo mara chache hubadilisha kitu. Kwenye kata ndogo ni habari nyingine.

Matokeo yalianza kutoka, kata baada ya kata, na Conservative wakawa wanapanda. Hesabu za kata zote zikaja kusimama kwenye moja tu, South Blyth, katika ule mji wa bandari niliowatajia. Wagombea wawili walikuwa wanafukuzana huko: Lesley Rickerby wa Liberal Democrats na Daniel Carr wa Conservative. Kura zikahesabiwa.

Rickerby, 356.

Carr, 356.

Wakahesabu upya. Zikarudi zile zile. Wakarudia tena. 356 kwa 356. Nawaomba mfikirie mawakala saa hizo: wamesimama tangu mapema, miguu imevimba, na kila fungu linalofunguliwa wanahisi kura moja imejificha ndani ya nyingine. Haikuwamo.

Kumbukeni hesabu yetu ya mwanzo. Bila South Blyth, Conservative walikuwa na viti 33. Wakiipata hii moja wanafika 34. Halmashauri ya eneo lenye ukubwa wa Zanzibar mbili ilikuwa inasubiri kata moja, na kata hiyo ilikuwa imegawanyika sawasawa kama mkate uliokatwa kwa rula.

Najua mnachotaka kuniuliza. Si wangerudia uchaguzi? Sehemu nyingine duniani hufanya hivyo. Sheria ya uchaguzi ya Uingereza haitaki. Inasema kura zikilingana, na kura moja zaidi ingempa mmoja wao ushindi, basi msimamizi wa uchaguzi aamue papo hapo kwa bahati nasibu. Atakayeangukiwa na bahati anahesabiwa kana kwamba amepata kura moja ya ziada. Sheria haitaji chombo cha kutumia. Unaweza kurusha sarafu, kuchomoa karatasi zilizokunjwa ndani ya bahasha, au kuvuta vijiti. South Blyth walivuta vijiti, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Anayechomoa kirefu ndiye diwani.

Rickerby akachomoa kirefu.

Basi imekwisha. Watu wazima wawili walizunguka mitaani kuomba kura, wakagonga milango na kukaukiwa na sauti, na mwisho wakaamuliwa kwa njia ambayo ninyi mnaitumia kuamua nani awe golikipa. Carr alikwenda nyumbani akiwa na kura sawa na mshindi wake. Conservative wakabaki na 33, Labour 24, wagombea binafsi 7, Liberal Democrats 3. Jumlisheni wenyewe muone kama hazifiki 67.

Wapo waliochukia. Walisema demokrasia haiwezi kuachiwa kijiti. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao, na sababu yangu ipo kwenye kisa cha zamani. Mwaka 1886, katika uchaguzi wa mbunge wa Ashton-under-Lyne, si mbali na Manchester, wagombea wawili walilingana kwa kura 3,049 kila mmoja. Zama hizo sheria ilimruhusu msimamizi wa uchaguzi kupiga kura yake mwenyewe kuamua. Akapiga, akampa Addison wa Conservative, na huyo akaenda bungeni. Mpinzani wake Rowley akaondoka hivi hivi. Hebu jiwekeni mahali pa Rowley. Umepata kura sawa kabisa na mwenzako, halafu mtu mmoja, aliyekaa pale kama mwamuzi wa mechi, anavua filimbi na kufunga goli. Mimi bora kijiti. Kijiti hakina chama, hakina shemeji, na huwezi kukipeleka chakula cha jioni siku moja kabla.

Wamarekani nao walipata kisa chao miezi michache tu baada ya kijiti cha Blyth. Jimbo la Virginia lilipochagua wabunge wake Novemba 2017, Shelly Simonds na David Yancey walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yakatumbukizwa kwenye bakuli, na likatoka la Yancey. Kwa kutoka hilo, chama chake cha Republican kikabaki na viti 51 kwa 49. Kule bakuli liliwapa wakubwa kiti walichokihitaji. Blyth kijiti kiliwanyima.

Sasa tuulize, kijiti kilibadilisha nini hasa? Hapa lazima niwe mkweli, maana wasimulizi tuna tabia ya kuongeza chumvi. Uongozi hakikuubadilisha. Conservative bado walikuwa wengi kuliko chama kingine chochote, na Mei hiyo hiyo Peter Jackson, mtu wao, akawa kiongozi wa halmashauri. Jengo la Ashington likasimamishwa kama walivyoahidi. Makao makuu yakabaki Morpeth, yapo huko mpaka leo. Kilichobadilika ni namna ya kuongoza. Mwenye viti 33 kati ya 67 hawezi kuingia ukumbini na kugonga meza. Kila bajeti, kila jambo lenye ubishi, lazima atafute mtu wa nje ya chama chake, amsikilize, ampe anachotaka kuhusu barabara ya kata yake. Na siku mmoja wa watu wako akiugua mafua, hesabu yote inayumba. Wapo wanaosema hiyo ni dhiki. Mimi naona wananchi wa kata zile saba za wagombea binafsi walisikilizwa miaka ile kuliko ambavyo wangesikilizwa kama Carr angechomoa kirefu.

Mnaweza kudhani mambo haya ni ya Wazungu. La. Tanzania nasi tuna mpango unaofanana na huo kwa sehemu kubwa. Siku ya Uchaguzi Mkuu, mzazi wako anapewa karatasi ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Redio zote zinazungumzia ya kwanza, wanasiasa wanapigania ya pili, na ile ya tatu, ya diwani, watu huijaza huku mawazo yameshafika nyumbani. Lakini madiwani wale wa kata, pamoja na wanawake wa viti maalumu na wabunge wa eneo hilo, ndio wanaokutana kumchagua meya au mwenyekiti wa halmashauri. Mwananchi hampigii meya kura. Kenya tangu 2013 wamechukua njia nyingine: gavana wa kaunti anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, na kwenye mabunge ya kaunti 47 wanakaa wawakilishi wa wadi 1,450. Gavana wa Kenya anaweza kuwa na chama chenye wawakilishi wachache na bado akawa gavana. Meya wa Tanzania hana bahati hiyo. Vichwa vya chumbani visipotosha, hana umeya.

Waulizeni wakubwa wenu walioishi Dar es Salaam mwaka 2016. Kwenye uchaguzi wa Oktoba 2015, vyama vya upinzani vilivyojiunga chini ya mwavuli wa UKAWA vilipata madiwani wengi katika manispaa za Ilala na Kinondoni, vikachukua umeya wa zote mbili. Temeke ilibaki kwa CCM. Ilikuwa imebaki kazi ya kumpata Meya wa Jiji, na hapo ndipo kulipowaka. Kikao kiliahirishwa mara kadhaa. Mvutano mkubwa ulihusu nani anastahili kuhesabiwa kuwa mjumbe, hasa wabunge wa viti maalumu. Kura za kata zilikuwa zimeshahesabiwa miezi kadhaa nyuma. Kilichogombewa sasa ni mlango wa ukumbi: nani aingie, nani abaki nje. Hatimaye Machi 22, 2016, katika ukumbi wa Karimjee, kura zikapigwa, na Isaya Mwita Charles wa Chadema, mojawapo ya vyama vya UKAWA, akapata 84 dhidi ya 67 za Omary Yenga wa CCM. Mji wenye mamilioni ya watu ukapata meya kwa tofauti ya watu 17, wanaotosha daladala moja na nafasi ikabaki.

Miaka mitano baadaye, Februari 2021, Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala hadhi iwe ndiyo jiji. Kwa hiyo hata kiti kile kilichogombewa vile hakipo tena kwa sura yake ya zamani. Ni jambo la kawaida kwenye serikali za mitaa, kwetu na kwao. Halmashauri huungwa, hugawanywa, huvunjwa. Northumberland yenyewe, kumbukeni, ilizaliwa 2009 kwa kuunganishwa.

Nirudi huko, maana bado sijawaambia mwisho. Lakini kwanza jambo moja kwa wale wenye shangazi au mjomba Uingereza. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali, akiwa na miaka 18 na jina lake likiwa kwenye daftari, ana haki ya kupiga kura za huko, pamoja na hizi za madiwani. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote ni wanachama. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, isipokuwa wawe wamepata uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine ya Madola. Nimewahi kuwasikia watu walioishi huko miaka mingi wakisema kura ni za wenyeji. Sivyo. Kama shangazi yako alikuwa akikaa South Blyth mwaka ule, penseli ile yenye uzi ilikuwa yake pia.

Haya, Northumberland. Peter Jackson aliongoza kwa miaka mitatu na ushee. Septemba 2020 madiwani wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, akaangushwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Glen Sanderson wa chama hicho hicho. Kung'olewa kwake kulianzia kwenye ugomvi ndani ya halmashauri. Lakini ugomvi wa namna hiyo hung'oa kiongozi kwa wepesi zaidi mahali ambapo hana watu wa akiba.

Mambo mengine yaliendelea bila kujali nani kakaa wapi. Reli ya abiria kati ya Ashington na Newcastle ilikuwa imefungwa tangu 1964, zama ambazo akina Charlton walikuwa bado wachezaji. Halmashauri iliishikia bango miaka na miaka, chini ya vyama tofauti, na Desemba 2024 treni ya abiria ikaingia tena Ashington. Mji uliokosa makao makuu ukapata stesheni. Ukiniuliza mimi, stesheni inamfaa zaidi kijana anayetafuta kazi Newcastle kuliko jengo la ofisi, ingawa mwenye mgahawa wa pale huenda akanibishia.

Na ile 34? Mei 2021 wananchi walirudi vituoni. Kura zikahesabiwa, kata baada ya kata, na safari hii Labour wakapata viti 21, wagombea binafsi 7, Liberal Democrats 3, Green 2, na Conservative 34. Kamili, bila kuzidi hata kimoja. Baada ya miaka 12 ya halmashauri ile mpya, ilikuwa mara ya kwanza chama kimoja kufika.

Miaka minne ikapita. Mwaka 2025 viti vikaongezwa kuwa 69, kwa hiyo chukueni tena kalamu: sasa anayetaka zaidi ya nusu anahitaji 35. Conservative walipata 26, chama kipya cha Reform kikawafuata kwa 23, Labour wakashuka mpaka 8, na waliobaki wakagawana 12. Hakuna mwenye 35.